Nilivyoipata Camaro SS kwa bei ya stika

Chevrolet walipoacha kutengeneza Camaro mwaka 2002, wengi tulijua basi tena. Gari lililoingia sokoni kama toleo la 1967 kushindana na Ford Mustang, lenye milango miwili, injini kubwa na bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aliimudu, likapotea hivihivi. Januari 2006 wakaleta gari la maonyesho kule Detroit, sura yake imechukuliwa waziwazi kwenye toleo la 1969. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Houston, naendesha lori kwa riziki yangu, na siku nilipoliona lile gari nilijiapia kwamba likitoka nitalinunua jipya. Ila nikajiwekea sharti: nijue kila dola inakwenda wapi kabla sijatia sahihi.

Machi 2009 kiwanda cha Oshawa, jimbo la Ontario kule Kanada, kikaanza kuyatoa. Bei za uzinduzi zilikuwa dola 22,995 kwa LS, ile ya chini kabisa, na dola 30,995 kwa SS, ile yenye injini kubwa. Ndani ya bei hizo kulikuwa na dola 750 za kusafirisha gari kutoka kiwandani. Hizo 750 hazikujadiliwa, kila mnunuzi alilipa, na tangazo likiziacha nje ungeona bei nzuri kuliko ilivyo. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichouliza kila mahali ni kama usafiri umo au haumo.

Nililitazama pia Dodge Challenger, maana nalo lilifufuliwa kipindi hichohicho. Toleo la 2008 lilikuja la aina moja tu, SRT8, kwa dola 37,995, na juu yake kodi ya serikali kuu kwa magari yanayobugia mafuta, dola 2,100. Hapo umefika 40,095 hujagusa kodi ya jimbo. Mwaka uliofuata wakaleta R/T ya dola 29,995 yenye V8, yaani injini ya silinda nane, ya lita 5.7, gari zuri kwelikweli. Lakini moyo ulishakwenda kwa Camaro, na kwenye karatasi SS ilikuwa na nguvu zaidi kwa tofauti ya dola 1,000.

Sasa kazi ikawa kwenye vifurushi. Camaro ile ilipangwa kwa ngazi: LS, LT ya kwanza na ya pili, halafu SS ya kwanza na ya pili. LS na LT zote zilikuwa na V6 ya lita 3.6, nguvu farasi 304, na hiyo si injini ya kudharau. Inakwenda maili 29 kwa galoni kwenye barabara kuu. SS ndiyo yenye V8 ya lita 6.2. Ukichukua gia za mkono unapata injini ya LS3, farasi 426. Ukichukua otomatiki unapata L99, farasi 400, ambayo huzima nusu ya silinda ukikanyaga mafuta kidogo tu, ili kuyabana.

Mtego upo katikati ya ngazi. Mtu anaingia kwa ajili ya LT, anaona viti vya ngozi, anapanda LT ya pili. Anaona taa zenye pete za mwanga, anaongeza kifurushi cha RS. Anataka otomatiki, anaongeza tena. Mwisho bei inagusa dola 30,000, na chini ya boneti bado ana V6. Nilikaa na kalamu nikaandika hesabu hiyo, nikaona kwamba kwa nyongeza ndogo tu juu ya hapo ningepata SS ya kwanza: V8, breki za Brembo, rimu za inchi 20 na sispenshini ngumu zaidi, vyote vikiwa ndani ya bei yake.

Rafiki yangu mmoja, Mmombasa aliye fundi katika gereji ya hapa, ndiye aliyenipa kipimo nilichokitumia hadi mwisho. Aliniambia, "Ami, lipia kile ambacho mimi siwezi kukufungia baadaye. Redio nitakufungia. Taa nitakufungia. Injini na breki utaniumiza mgongo na mfuko wako utatoboka."

Nikapitisha kila kitu kwenye chujio hilo. SS ya pili ilizidi ile ya kwanza kwa zaidi ya dola 3,000. Ilichokuongezea ni viti vya ngozi vyenye joto, spika za Boston Acoustics, Bluetooth, na zile geji nne zilizopangwa mbele ya gia. Injini ni ileile, breki zilezile. Houston hakuna mtu anayehitaji kiti chenye joto. Nikaiacha bila majuto. RS kwa SS ilikuwa dola 1,200, nayo inaleta zile taa za mbele zenye pete, taa za nyuma za aina yake na rimu zilizotiwa rangi ya kiza. Kwa kipimo cha fundi ilipaswa kuachwa. Hapo nilikwenda kinyume naye makusudi, kwa sababu ile pete ya mwanga ndiyo sura ya gari hili usiku, na taa za kiwandani zimeunganishwa na nyaya zake tangu mwanzo. Rangi nilichagua nyekundu ya kawaida. Ile nyekundu inayong'aa kama kito ililipiwa zaidi.

Jumla yangu basi: 30,995 na 1,200, sawa na dola 32,195. Nikaiandika kwenye karatasi nikaitia mfukoni.

Kabla ya kwenda popote nilipita kwenye chama cha akiba na mikopo ambacho mimi ni mwanachama, kama SACCOS zetu za nyumbani, wakaniidhinishia mkopo kwa riba inayojulikana. Hili nalisisitiza kwa ndugu zetu wote waliopo huku: ukiingia yadi ya magari huna mkopo wako, watakuuliza unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, na ukishajibu swali hilo bei ya gari inapotea machoni. Mimi nilijibu kila mara kwamba tuzungumzie bei kamili mpaka naondoka na ufunguo.

Mwaka ule wa kwanza yadi nyingi zilitaka cha juu. Magari yalikuwa machache na watu wamesubiri miaka saba. Yadi moja ilibandika karatasi ya pili pembeni ya stika ya kiwanda, ile karatasi ya bei inayobandikwa kwenye dirisha la gari jipya, na juu yake wameandika dola 5,000 za "marekebisho ya soko", pamoja na naitrojeni kwenye tairi na dawa ya kulinda rangi. Stika ya kiwanda inatakiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1958, iliyosukumwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, na lazima ionyeshe bei ya msingi, kila nyongeza, usafiri na jumla. Karatasi ya pili ni matakwa ya muuzaji tu. Nilimwonyesha yule kijana wa mauzo karatasi zote mbili nikamwambia nalipa ile ya kwanza. Akakataa kwa adabu, nami nikamshukuru nikaondoka.

Niliziandikia yadi za miji midogo ya Texas, mbali na Houston, nikitaja gari langu kwa herufi zake: SS ya kwanza, gia za mkono, RS, nyekundu. Gia za mkono zilinisaidia sana, kwa sababu wanunuzi wengi walitaka otomatiki. Yadi moja ikakubali kuniagizia kwa bei ya stika, na kunirudishia amana yangu endapo gari lingekuja tofauti na lilivyoagizwa. Yote yaliandikwa.

Kodi ya Texas kwa gari ni asilimia 6.25. Kwa 32,195 ni dola 2,012. Lakini jimbo hili hutoza kodi baada ya kuondoa thamani ya gari la zamani unalowaachia. Nilikuwa na Toyota ambayo walikubali kuihesabu kwa dola 6,000, hivyo kodi ikatozwa kwa 26,195, yaani dola 1,637. Ningeweza kuiuza mwenyewe mtaani kwa hela kidogo zaidi, ila ile dola 375 ya kodi ilifuta karibu faida yote.

Bima ilipanda, mke wangu hakufurahi, tukapunguza mambo mengine.

Kuliendesha ni raha tupu. Kuna jambo moja linawashangaza wageni: ukiondoka taratibu kwa gia ya kwanza kisha ukitaka kuingia ya pili, mkono wa gia unaelekezwa kwenda ya nne. Si ubovu. Kiwanda kimefanya hivyo kusaidia matumizi ya mafuta, na ukikanyaga zaidi unaingia ya pili kama kawaida.

Anayetafuta toleo hilo la 2010 leo, likiwa la mkononi, asisikilize maneno wala asitazame nembo za nje, maana nembo za SS zinauzwa madukani. Fungua kisanduku cha glavu mbele ya abiria, utaona lebo yenye misimbo mingi midogo. Tafuta LS3 au L99 kwa V8, na WRS kwa RS halisi ya kiwandani. Ukiona LLT, hiyo ni V6, hata kama nje pameandikwa nini. Kisha uliza ufunguo: Juni 2014 GM, kampuni mama ya Chevrolet, waliziita Camaro za 2010 hadi 2014 zirudishwe kurekebishwa, zaidi ya nusu milioni Marekani, kwa sababu goti la dereva lingeweza kugonga ule ufunguo wa kukunja na kuzima injini. Marekebisho yalikuwa kubadilishiwa ufunguo bila malipo. Ukipewa gari lenye ufunguo wa kukunja bado, ingiza namba ya chesi kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani, uone kama kazi hiyo ilifanyika kabla hujatoa hata dola moja.