Ugonjwa ulioingia bandani tumboni mwa mtamba

Kwa miezi saba nilimlaumu kijana wa watu bure.

Nafuga ng'ombe wa maziwa hapa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Walikuwa wanane siku hizo, chotara wa Friesian. Watatu walipandishwa kwa chupa, yaani kwa mbegu zilizohifadhiwa badala ya dume, wakarudi joto, mara mbili, mara tatu. Wa nne akatupa mimba ya miezi mitano. Nikamwambia mhamilishaji, "Mwanangu, mbegu zako zimekufa." Akanijibu kwa adabu, "Mama, mtungi una naitrojeni ya kutosha, mbegu zimelala nyuzi 196 chini ya sifuri. Tuwapime ng'ombe kwanza." Sikumsikiliza. Nilitafuta mwingine, na mambo yakawa yale yale.

Daktari wa mifugo alianza na ugonjwa wa brusela, maana mimba ikitupwa ndiyo inayoshukiwa mapema. Hawakuwa nayo. Kisha akaniuliza: kuna mgeni gani bandani? Mwaka uliotangulia nilikuwa nimenunua mtamba mwenye mimba. Alizaa salama, akakamuliwa vizuri. Ndama wake ndiye aliyedumaa, manyoya yamesimama, kuhara hakumwishi. Mimi nilidhani minyoo, nikamnywesha dawa mara tatu.

Alikatwa kipande kidogo cha sikio, kikapelekwa Dar es Salaam. Majibu: virusi vya kuhara kwa ng'ombe, ambavyo wataalamu huviita BVD. Wiki nne baadaye akapimwa tena, bado anavyo. Mama yake hana.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ng'ombe akiambukizwa mimba ikiwa changa, kama mwezi wa pili hadi wa nne, kinga ya ndama tumboni haijakomaa kumtambua adui. Inavichukulia virusi kama sehemu ya mwili wake. Mama hupona, ndama huzaliwa navyo na kuishi navyo mpaka kufa, akivimwaga kwa mate, kamasi, mkojo na mavi. Ndivyo vilivyowarudisha ng'ombe wangu joto na kumtupisha mmoja mimba. Ningempima yule mtamba siku ya kumnunua, asingeonekana na virusi. Ugonjwa aliubeba tumboni.

Hakuna dawa wala chanjo ya kumponya ndama wa namna hiyo. Alikwenda kwa mchinjaji, kwa kuwa virusi hivi haviwadhuru watu. Wajukuu wangu walikuwa wameshampa jina. Nililia.

Nikaacha kuingiza ng'ombe mgeni na kuazima dume, nikawapima wote waliobaki. Nilimfuata yule kijana kwao, nikamwomba radhi. Baada ya muda wale waliokuwa wakirudi joto walishika mimba, mmoja baada ya mwingine, na aliyewapandisha ni yeye.

Baadaye kikundi chetu kilitembelewa na muuzaji wa viinitete, yaani mimba changa kabisa, vilivyotungishwa maabara ili vipandikizwe kwa ng'ombe. Wenzangu waliuliza lita za maziwa. Mimi niliuliza mayai yametoka wapi. Nilikuwa nimeshamchosha daktari kwa maswali, nikajua kwamba mayai hayo mara nyingi hutolewa kwenye ovari zilizokusanywa machinjioni, ambako historia ya kila ng'ombe haijulikani. Tena seramu ya damu ya ndama inayotumika kuyalea yaweza kuwa na BVD yenyewe. Kiinitete huoshwa mara 10, kila mara kwa pipeti mpya, na utando wake wa nje usiwe na ufa hata kidogo. Virusi vya jamii ya herpesi hung'ang'ania utando huo, ndiyo maana huongezwa tripsini, kimeng'enya cha kuviondoa. Lakini BVD hunata zaidi kwenye kiinitete cha maabara kuliko kilichotungwa ndani ya ng'ombe, na kuosha peke yake si kinga ya kutegemea.

Muuzaji alijua habari ya kuosha. Cheti cha seramu hakuwa nacho. Nikasema tusubiri, na wapo walioninunia, wakaona nawanyima riziki.

Alirudi na vyeti: vya seramu, na vya ng'ombe waliotoa mayai. Daktari akavisoma mstari kwa mstari. Tukakubaliana kwamba hata ng'ombe wa kupokea wapimwe kwanza, maana mimba safi ikiingia kwa ng'ombe anayeambukizwa mwezi wa tatu, yote yale ni bure. Wangu wawili walipandikizwa, mmoja akashika. Amezaa jike. Tulimtenga yeye pamoja na mama yake pembeni mwa banda, na hakuguswa na ng'ombe mwingine hadi majibu ya sikio lake yalipofika.