Goti lilisingiziwa

Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji, na sikoseli, ugonjwa wa damu wa seli mundu, nimezaliwa nayo. Maumivu ya mifupa nayajua: yakija nakunywa maji mengi, nameza dawa, siku kadhaa yanaondoka. Basi goti la kulia lilipoanza kuuma nikasema ni yale yale. Miezi ikapita. Shangazi akalikanda kwa mawese ya moto, wapi! Zahanati wakalipiga picha, wakasema goti zima, nikarudi na vidonge.

Daktari aliyegundua wala hakuanza na goti. Alinilaza, akaukunja mguu, akaupindisha kwa ndani. Nikapiga yowe, na palipouma ni kwenye kinena! Kumbe ugonjwa uko kwenye nyonga, maumivu yanashukia gotini. Seli za damu zilizopinda kama mundu huziba vimishipa vinavyolisha kichwa cha mfupa wa paja. Kikikosa damu kinakufa, halafu uzito wa mwili unakibonyeza hadi kinapoteza mviringo wake. Mwanzoni eksirei inaweza isionyeshe kitu. Yangu ilishaanza kuonyesha.

Nyonga ya bandia wanaweka, Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwa mfano, lakini Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na daktari alisema kwa umri wangu tuvute vute kwanza, maana nayo huchakaa.

Fimbo nilikuwa naishika mkono wa kulia, upande unaouma. Mtu wa mazoezi ya viungo akaninyang'anya, akanishikisha mkono wa kushoto. Nilidhani ananitania. Hatua kumi tu nikaelewa: fimbo na mguu mbovu vinakanyaga pamoja, nyonga inapumua.

Iliyoniuma roho ni cherehani. Ni ya miguu, nimeachiwa na mama, na kuikanyaga kutwa nzima ndiko kulikonimaliza. Sikuiuza. Fundi akaifungia mota, sasa nabonyeza kwa mguu wa kushoto. Chooni je, kuchuchumaa? Seremala akanitobolea kiti cha mbao. Watoto wanakiita kiti cha enzi.

Haidroksiurea, dawa ya sikoseli, nameza kila siku. Haifufui mfupa uliokufa, ila kulazwa kumepungua. Nikipata homa huku mfupa umevimba, hapo sikandwi na mtu, naenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani mifupa yetu hushikwa na vijidudu upesi.

Ngazi bado zinanishinda. Shangazi naye hajaacha kuja na mawese yake. Namwachia akande, mradi paja asilipindishe.