Ukiandika "kuielewa GIS", hujaandika lengo

Mwanafunzi wa jiografia akiandika kwamba lengo lake la muhula ni "kuielewa GIS" (mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi na kuchambua data za ramani), muhula utakwisha bila yeye wala mhadhiri wake kujua kama amelifikia. Andika kazi ambayo mtu ataiona mezani. Kwa mfano: kuchora mkato (umbo la ardhi likitazamwa kwa ubavu) kutoka Shimo la Mungu, ukingo wa mwinuko huko Newala, hadi mto Ruvuma, kwa ramani ya 1:50,000. Sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Skeli ya wima ikiwa sentimita 1 kwa mita 100, wima umeukuza mara 5. Usipoandika hivyo chini ya mchoro, mteremko utasomeka kama ukuta.

Mwaka wa pili, lengo moja linatosha: nukta za GPS zikae mahali pake juu ya ramani ya zamani. Hapa ndipo wengi hukwama. Ramani hizo hutumia datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, simu hutoa WGS 84, datamu ya GPS, na tofauti ni kama mita 300, zaidi upande wa kaskazini-kusini. Kisima cha kijiji kinajikuta katikati ya mikorosho ya mtu! Kwenye QGIS, programu ya ramani, ipe kila safu (tabaka la data) namba ya mfumo wake wa vipimo: 21037 kwa Arc 1960, 32737 kwa WGS 84 ikiwa nukta ziko kwenye mita, zote ukanda wa 37 kusini wa gridi ya ramani, ambamo Mtwara na Lindi zimo. Kisha hakiki kwa njia panda ambayo haijahama. Kusogeza safu kwa mkono mpaka ifanane ni kujidanganya. Na ukitaka duara la mita 500 kuzunguka kisima huku safu iko kwenye digrii, programu itasoma digrii 500.

Utafiti wa mwaka wa tatu una mtego mwingine. Mkulima ukimuuliza ukubwa wa shamba, huenda akakutajia idadi ya mikorosho. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari hubeba miti kama 28, ila mashamba ya zamani hayakufuata mistari, kwa hiyo zunguka mpaka na GPS. Nusu ekari ya mraba ina upande wa mita 45 hivi. Kosa la mita 5 upande mmoja tu ni asilimia 11 ya eneo. Zunguka mara mbili, uripoti tofauti. Na dodoso usilipange Oktoba hadi Desemba: watu wanaokota korosho, nani atakaa nawe saa nzima?