Mgongo wa mtu wa kukaa

Buhongwa, Jumapili jioni

Ukifanya kazi Kirumba, hapa Mwanza, halafu ukasema mgongo unauma, watu wanakuangalia mabega kwanza. Kule mgongo una wenyewe. Ni makuli wa soko la samaki la Mwaloni, wanaohangaika na magunia ya dagaa kuyapanga kwenye malori ya kwenda Kongo. Mimi naandika hesabu za mfanyabiashara wa samaki, na kitu kizito ninachonyanyua ni faili la risiti za mwezi. Ndiyo maana kuli mmoja tunayesalimiana kila siku, aliponiona nashuka ngazi nimeshika kiuno, aliniuliza, "Dada, na wewe umebeba nini?"

Nimekaa, kaka. Hicho tu.

Nakaa kwenye daladala toka Buhongwa, na wanaoijua ile safari wanajua kwamba ukikosa siti ya mbele magoti yanakuja kifuani. Nikifika nakaa kwenye kiti ambacho sponji yake imebonyea katikati, kiuno kinazama nyuma, shingo inatoka mbele kuifuata kompyuta. Mchana mama ntilie anatuletea ugali na sato mpaka mezani. Jioni daladala tena, na kutoka kituoni hadi mlangoni ni bodaboda. Nyumbani kuna kochi. Kuna siku safari yangu ndefu kuliko zote kwa miguu ilikuwa ya kwenda chooni na kurudi.

Mgongo wa hivi hauanzi kwa kishindo. Unaanza na ule ugumu wa kuinuka, unasimama nusu kwanza kisha ndiyo unanyooka, na unasema ni uchovu. Halafu unaanza kuchagua upande wa kulalia.

Na kila mtu ni daktari. Mama wa duka la chini alisema ni figo, kunywa maji. Kwenye zahanati niliyoanzia nilipimwa mkojo, nikaambiwa nina UTI, nikapewa dawa za UTI na sindano ya kutuliza maumivu. Sindano ilifanya kazi siku mbili tatu nikajiona mzima, kisha mgongo ukarudi na mwenzake. Na ukipita stendi utawasikia wale wa spika juu ya pikipiki: mgongo, kiuno, ganzi, miguu kuwaka moto, nguvu za kiume, yote kwenye chupa moja.

Hili la figo nalisema kwa sababu nimelisikia mno. Maumivu ya figo kwa kawaida yanakaa juu zaidi, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja. Hayajali umekaa au umesimama, na huwa yanafuatana na mambo mengine kama homa, kichefuchefu au mkojo kubadilika. Maumivu yanayokuja ukikaa, yanayopungua ukitembea, na kukushika ukiinama kufunga kiatu, hayo mara nyingi ni ya misuli, viungo na diski, zile pedi laini kati ya pingili za mgongo. Kinachoniudhi ni kwamba mtu anayehofia figo ndiye anayenunua diklofenaki ya kutuliza maumivu dukani wiki baada ya wiki, wakati dawa za kundi hilo zikitumiwa muda mrefu zinaweza kuumiza figo zenyewe na kutoboa tumbo. Kwa siku chache, kwa ushauri, zinasaidia. Kuzifanya chai ya asubuhi ni kujitafutia ugonjwa ambao hukuwa nao.

Mtu aliyenisaidia ni dada mmoja wa fiziotherapia, wale wanaotibu kwa mazoezi. Nilimwendea nikitaka eksirei, nione kilichovunjika. Akaniuliza maswali mengi, akanigonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, akaniambia nitembee kwa vidole kisha kwa visigino, akasema eksirei haihitajiki. Maumivu mengi ya mgongo wa chini, karibu 9 kati ya 10, hayana kidonda wala mfupa wa kuonyesha kwenye picha. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na tatizo hili. Nilijisikia mwenye ukoo mkubwa.

Mezani alikuwa na uti wa mgongo wa plastiki. Akanionyesha pingili 5 za kiunoni na diski zilizo katikati yake, akaibinya moja kwa kidole gumba. Diski ya mtu mzima haina mishipa yake ya damu ya maana, akasema. Chakula chake kinapenya kutoka kwenye mifupa jirani, na kinachosaidia kupenya ni mwendo, kama sifongo ya vyombo, mpaka uibinye na kuiachia ndiyo inanyonya. Nikauliza sasa mkao sahihi ni upi, nikitegemea nitaelezwa nyuzi za magoti na viwiko.

"Wowote," akasema, "mradi usiuzeeshe."

Baadaye nilisoma kuhusu daktari wa Sweden, Alf Nachemson, ambaye miaka ya 1960 alichoma sindano ndani ya diski za watu hai ili apime presha ya humo ndani. Aliona ukikaa presha ni kubwa kuliko ukisimama. Waliopima baada yake waliipunguza sana tofauti hiyo, lakini kwenye kuinama mbele hawabishani, presha inapanda. Kwa hiyo mkao wangu wa kuiwinda kompyuta kwa pua haukuwa na mtetezi popote.

Nilichobadilisha ofisini ni vitu vya bure. Kompyuta nimeiinua juu ya madaftari ya hesabu ya miaka ya nyuma, ambayo hatimaye yamepata kazi. Khanga iliyokunjwa iko nyuma ya kiuno, kreti la soda chini ya miguu kwa sababu kiti hakishuki. Lakini kilichonisaidia kuliko hivyo vyote ni simu. Wateja wa Ukerewe na Sengerema wanapiga kutwa, na siku hizi simu ikilia nasimama na kwenda dirishani. Mteja wa Ukerewe hajui kuongea kifupi, bei ya dagaa lazima ianze na salamu za nyumba nzima, na hapo zamani nilikuwa nakunja uso. Sasa naona ananitibu. Chupa kubwa ya maji nimeiacha nyumbani, nina kikombe kidogo, kikiisha nainuka kujaza.

Jioni nimeachana na bodaboda labda mvua inyeshe. Kwetu kuna mlima kidogo na mawe, ndiyo Mwanza hiyo. Nikiona kina mama wa Mabatini na Bugarika wanavyopanda yale mawe na ndoo kichwani, naona aibu kulipa elfu moja kukwepa kamlima kangu. Ushauri wa kimataifa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kidogo kwa wiki, na ukizigawa kwa siku za kazi hazifiki hata urefu wa taarifa ya habari.

Nyumbani natandika mkeka. Nalala chali, nakunja magoti, nanyanyua kiuno na kushusha polepole. Kisha napiga magoti na viganja chini, nanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, natulia, nabadilisha. Hilo la pili lina tatizo kwamba mwanangu wa mwisho akiniona hivyo anadhani mimi ni punda na anapanda. Dada wa fiziotherapia hakuniambia nifanye nini na mpanda punda.

Lililonishangaza ni la kufagia. Usiku ukiwa umelala diski zinanyonya maji na kujaa, na ndiyo sababu asubuhi mtu ni mrefu kidogo kuliko jioni, kama sentimita 1 hadi 2. Diski iliyojaa hivyo haipendi kukunjwa sana. Na sisi tukiamka tunaanza na nini? Ufagio wa chelewa, mgongo umekunjwa mara mbili, uwanja mzima kabla jua halijatoka. Sasa ufagio nimeufunga mpini mrefu na uwanja unasubiri nimalize chai. Jirani ameshauliza kama naumwa.

Mama mkwe alikuja kutoka Magu katikati ya haya yote. Kisukuma chetu mkwe unamsalimia kwa kupiga magoti, na siku ile kushuka nilishuka, kupanda ndiyo ikawa shughuli. Mayu, yaani mama, akanishika kwapa akacheka mpaka machozi, kisha akaamuru nilale chini sakafuni wiki nzima nisiguse kitu. Kwa heshima nililala mchana ule mmoja. Ushauri wa kulala siku nyingi ulikuwa wa madaktari pia zamani, siku hizi wameuacha. Misuli inalegea na mgongo unakakamaa zaidi, na mtu anayeendelea na shughuli zake kwa kiasi anapona mapema. Chupa ya maji ya moto aliyonifungia kwenye kitenge nayo ilikuwa dawa kweli, joto linatuliza. Godoro nalo si lazima liwe gumu kama ubao, la wastani linatosha.

Kuna mgongo wa kukimbilia hospitali usiku huohuo, na huu nauandika kwa makini kwa ajili ya wadogo zangu wanaosoma hapa. Ukipata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, ukishindwa kuzuia haja au mkojo ukagoma kutoka, au mguu ukaanza kulegea, usisubiri asubuhi. Na mgongo unaofuatana na homa, kukonda, kutokwa jasho usiku, au unaouma usiku hata umelala, hasa kama umewahi kuugua saratani au kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu, nenda upimwe. TB huingia hata kwenye pingili, na hiyo haiponi kwa mkeka.

Wangu haujaisha kabisa. Siku za kufunga mwezi, nikizama kwenye hesabu bila kuinuka, usiku naujua. Ijumaa nimehamisha printa kutoka ubavuni mwangu hadi kona ya mlangoni, ili kila risiti iwe na safari yake. Mhasibu mwenzangu, ambaye hana mgongo wowote kwa sasa, amelalamika kwa bosi. Bosi akaniuliza kama hiyo ni tiba au uchokozi. Nikamwambia tiba, akanyamaza, lakini nategemea kesho kuikuta printa imerudi palepale, na itabidi niinuke niibebe tena.