Nilivyoifanya kruza yangu ifae safari ya Dar hadi Iringa

Pikipiki yangu ni kruza, Yamaha DragStar ya cc 400, iliyotembea Japani miaka mingi kabla ya kushuka bandarini Dar es Salaam. Ikiwa imeegeshwa utadhani ni sofa: siti pana iliyo chini, usukani uliorudi nyuma kukufuata, pegi za miguu zimesogea mbele. Kwa mizunguko ya mjini sina neno. Ila mimi hupenda kwenda nayo Iringa, karibu kilomita 500, na ilivyotoka kiwandani ilikuwa inanimaliza hata kabla milima ya Uluguru haijajitokeza.

Wenye maneno walinishauri niiuze nichukue zile ndefu za safari, za kukaa wima. Sikutaka. Naipenda kwa mlio wake, kwa shafti inayoniondolea habari za kupaka cheni oili, na kwa kuwa miguu yangu mifupi inakanyaga chini bila wasiwasi. Nikaamua kuirekebisha.

Kwanza nilitaka kuelewa kwa nini inaumiza. Ukiwa kwenye Boxer, miguu iko chini ya mwili wako. Ukiliona tuta unajinyanyua kidogo, magoti yanapokea ule mshtuko, maisha yanaendelea. Kwenye kruza miguu iko mbele, huwezi kunyanyuka bila kujivuta kwa usukani, kwa hiyo tuta lote linakwenda kwenye kifandugu na kupanda na uti wa mgongo. Isitoshe, ili pikipiki ikae chini, shokapu ya nyuma imepewa nafasi ndogo ya kucheza. Barabara kuu za Marekani, ambako mtindo huu ulikulia, zinaweza kukuachia mwendo uleule kwa saa nzima. Ya kwetu ina rasta na matuta kila kijiji. Basi dawa niliyoitafuta haikuwa ulaini. Nilitaka uzito wangu ugawanyike, usibebwe na makalio peke yake.

Nilianza na vitu visivyo na gharama. Shokapu ya DragStar ni moja, imefichwa chini ya siti, na watu wengi hawajui kwamba springi yake inakazwa na kulegezwa kwa pete yenye meno. Fundi mmoja alinihakikishia kuwa yangu imekufa na akanitajia bei ya nyingine. Haikuwa imekufa. Ilikuwa imelegezwa kwa ajili ya mtu mwepesi, na mimi nina kilo 90 kabla sijafunga begi, ndiyo maana kila tuta ilikuwa inagonga mwisho. Kwa spana ya ndoano niliikaza hatua kwa hatua, nikipita kwenye matuta yaleyale ya mtaani kwangu, mpaka ikaacha kugonga. Matairi nayo niliyapima asubuhi yakiwa ya baridi, kwa geji yangu mwenyewe. Vijana wa upepo wengi hujaza kwa kubonyeza na kidole, na tairi lililojaa kupita kiasi linakuletea kila kokoto mgongoni. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, hakuna haja ya kukisia.

Sasa siti, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Kila mtu atakwambia uongeze sponji. Sponji laini ni tamu dukani: unakaa, unazama, unatabasamu. Baada ya saa moja barabarani imeshalala, mifupa miwili ya kukalia imefika kwenye bati la chini, na nyama za pembeni zimebanwa hadi ganzi inaingia. Siti ya safari ndefu ukiikalia mara ya kwanza utaiona ngumu, na ni sawa.

Niliipeleka kwa fundi wa viti vya magari pale Keko, Dar. Akaibonyeza kwa kidole gumba, akaniangalia. "Mkubwa, unataka siti laini au unataka kufika?" Hapo nikajua nimepata mtu.

Kabla hajakata chochote nilimwomba kipande cha boksi. Nilikiweka juu ya benchi gumu, nikakikalia huku magoti nimeyanyanyua kama niko kwenye pegi. Ukinyanyuka unakuta mabonde mawili, pale mifupa ilipogandamiza. Tulipima umbali kati yake, tukahamishia alama hizo kwenye siti kwa chaki. Waendesha baiskeli wanaijua mbinu hii, na sijui kwa nini sisi wa pikipiki hatuitumii.

Siti ya kiwandani ilikuwa na umbo la bakuli linaloinamia nyuma. Unateleza hadi kwenye ukingo, nyonga zinapinduka, mgongo unapinda, na kwa kuwa miguu haina cha kusukuma huwezi kujirekebisha. Fundi alikata sehemu ile, akaijaza sponji ngumu iliyogandamizwa kutokana na vipande, ile ambayo ukiikanyaga haitishiki, hadi pale pa kukalia pakawa tambarare. Nyuma akapatanua kidogo, mbele akapapunguza ili mapaja yasitanuke. Juu yake akaweka sponji laini ya sentimita mbili hivi, basi. Sponji ngumu inabeba, laini inaondoa ule ukali wa kwanza tu.

Hatukuvalisha kava siku ile. Tuliizungushia nailoni na utepe wa gundi, nikaenda nayo Kibaha na kurudi ikiwa na sura ya mzigo wa mtumba, na bodaboda wakanicheka ipasavyo. Niliporudi nilimwonyesha paja la kulia linapogusa, akapunguza kwa msasa. Nakushauri usikubali kuruka hatua hii hata fundi akiwa na haraka, kwa sababu kava likishashonwa hakuna atakayetaka kulifumua. Kuhusu kava lenyewe nilisisitiza mambo matatu: mshono usipite juu ya zile alama za chaki, ngozi bandia isiwe ya kung'aa maana inateleza ukifunga breki, na chini yake kuwe na nailoni. Mvua ikiingia kwenye sponji kupitia matundu ya sindano, utakaa kwenye maji siku mbili baada ya jua kutoka. Rangi nilichagua kijivu. Siti nyeusi iliyoachwa kwenye jua la Dar ni adhabu.

Kutoka kwenye siti nikahamia kwenye mikono. Usukani wa kruza unakushawishi unyooshe mikono, na mkono ulionyooka unapeleka kila mtikisiko begani. Kwanza nililegeza bolti nne tu, nikauzungusha usukani kuelekea kwangu hadi viwiko vikapinda kidogo, kisha nikashusha wenzo wa klachi na wa breki ili vidole vifike bila kukunja kifundo. Hiyo peke yake iliondoa karibu nusu ya ganzi ya vidole. Baadaye nikaongeza vipandisho vinavyousogeza usukani juu na nyuma kwa sentimita chache. Mtaa wa Gerezani, Dar, wapo wachonga vyuma hodari na walikuwa tayari kunichongea, ila hapa nilinunua vya dukani. Kipande hiki kikivunjika kwenye mwendo hakuna wa kumlaumu. Ukishavifunga, washa injini ikiwa imesimama, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio ukipanda bila wewe kugusa gesi, waya wa gesi umevutika na haufai kuachwa hivyo. Bomba la breki nalo liangalie vivyo hivyo.

Kioo cha upepo nilikuwa nakidharau, naona ni pambo la wazee. Ila upepo una hesabu yake: nguvu yake inakua kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 100, unasukumwa kwa zaidi ya mara moja na nusu. Ukiwa umekaa kifua wazi na mikono imetanuka, unachokifanya saa zote ni kung'ang'ania usukani usibaki nyuma, na mabega yanachoka kwa kazi hiyo. Nilifunga kioo, nikakikata hadi ukingo wa juu ukafika usawa wa pua. Macho yapite juu ya kioo, yasipite ndani yake. Siku ya mvua au wadudu kikiwa kirefu kuliko hapo hutaona barabara. Nikaongeza vizibo vya sponji vya masikio chini ya helmeti. Kelele za upepo zinachosha kuliko watu wanavyodhani, na honi za malori bado nazisikia.

Miguu nayo inataka kuhama. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea bampa la kukinga injini, juu yake nikafunga pegi za pili, mbele zaidi ya zile za kawaida. Kunyoosha goti kwa dakika kumi kunarudisha uhai. Lakini mguu ukiwa kule hauko kwenye breki, kwa hiyo nazitumia njia ikiwa wazi tu. Nikiona kibao cha kijiji au cha 50, miguu inarudi mahali pake. Nawaona wanaopita Chalinze katikati wakiwa wamenyoosha miguu kwa mbwembwe, na siwaelewi.

Kwa mgongo sikununua kitu. Begi la nguo nalifunga kwenye siti ya abiria kwa mikanda, limelala kwa upana, likigusa mgongo wangu pale juu ya mkanda wa suruali. Likiwa na nguo laini ni egemeo tosha, likiwa na viatu utajua. Pochi nimeihamisha kutoka mfuko wa nyuma, na ndani ya suruali navaa bukta ya baiskeli yenye pedi. Usicheke kabla hujajaribu.

Mtihani wa yote haya ni Mikumi. Barabara inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, mwendo umebanwa, na si mahali pa kuegesha pikipiki ujinyooshe huku nyati wanakutazama. Ule upepo unaosaidia kubeba kifua haupo, joto la injini linapanda mapajani, na kioo kinakuzuilia hata kile kiupepo kidogo. Zamani nilikuwa natokea upande wa pili nikiwa nimekaa kwa paja moja. Siku hizi nasimama kijiji cha Doma kabla ya kuingia, nakunywa maji, natembea kidogo, kisha naipita hifadhi yote kwa utulivu hata twiga nawaona. Kwa ujumla nasimama kabla sijaumia, kila baada ya saa moja hivi. Ukisubiri hadi uumie, mapumziko ya dakika kumi hayakurudishi ulipokuwa.

Mlima wa Kitonga ni habari nyingine. Pale unapanda nyuma ya malori yanayotambaa kuelekea Mbeya na Tunduma, kona kwa kona, na mkono wa klachi ndio unaolipa. Nilichofanya ni kulainisha waya wa klachi kwa oili na kurekebisha uchezaji wake, mkono ukapumua. Ukishamaliza mlima, hewa inabadilika ghafla. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na misuli iliyopigwa na baridi inakakamaa hata siti iwe nzuri namna gani, kwa hiyo jaketi zito linakaa juu kabisa ya begi, si chini.

Kama fedha ni kidogo, fanya shokapu, matairi na usukani wikiendi hii, kisha siti ukipata. Kioo kinaweza kusubiri iwapo mwendo wako hauzidi 80.

Lililobaki kwangu ni siti ya abiria, ambayo bado ni ile ya kiwandani, ndogo na nyembamba. Mke wangu aliijaribu mara moja. Chalinze alishuka, akatembea hatua mbili tatu, akanyoosha mkono kuomba nauli ya basi. Tulionana Morogoro, yeye akiwa ameshakula. Fundi wa Keko ameshachukua vipimo vya egemeo la nyuma na anasubiri chuma kutoka kwa mchomeleaji; mpaka kitakapofungwa, tunasafiri pamoja kwa simu.