Likizo tulivu ya pwani niliyoipanga kwa kufuata saa za maji

Nilipokabidhiwa kazi ya kuandaa mapumziko ya kiangazi ya familia yetu katika mji mdogo wa pwani, nilipewa sharti moja tu: asiamshwe mtu asubuhi kwa swali la leo tunakwenda wapi. Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Safari ya kuzuru miji mikubwa hujipanga karibu yenyewe, kwa kuwa makumbusho yana saa zake za kufunguliwa na treni ina saa yake ya kuondoka. Lakini siku za kutulia, hasa mnapokuwa watu wa rika mbalimbali chini ya paa moja, huliwa na mashauriano madogo madogo yasiyokwisha, hata jioni ikifika watu wamechoka bila kufanya lolote. Niliamua basi kupanga mapema yale machache ambayo yakishapangwa hayajadiliwi tena, na kuyaacha mengine yote wazi kwa makusudi.

Jambo la kwanza lilikuwa urefu wa likizo, na hapo niliongozwa na tafiti mbili zilizofanywa Uholanzi. Utafiti wa mwaka 2010 ulioongozwa na Jeroen Nawijn uliwalinganisha watu waliokwenda likizo na wale waliobaki nyumbani, ukaonyesha kwamba wasafiri walikuwa na furaha zaidi kabla ya kuondoka, ila baada ya kurudi tofauti hiyo haikuonekana tena, isipokuwa kwa wale walioieleza likizo yao kuwa ya utulivu mkubwa. Utafiti wa mwaka 2013 wa Jessica de Bloom na wenzake uliwafuatilia wafanyakazi waliochukua likizo ndefu, za wastani wa siku 23, ukakuta kwamba afya na uchangamfu wao vilifika kilele mnamo siku ya 8, kisha vikarudi kama vilivyokuwa kabla ya likizo, ndani ya juma la kwanza la kazi. Sizichukui takwimu za namna hii kuwa amri, kwa kuwa kila familia ina mfuko wake na ruhusa zake za kazini. Hata hivyo zilinitosha kuamua kwamba tukae zaidi kidogo ya juma moja, wala tusijaribu kurefusha ili kuhifadhi furaha isiyohifadhika. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya raha imo katika kuingojea safari, nilitangaza tarehe mapema sana, watoto wakapata muda mrefu wa kukata tarehe kwenye kalenda ya ukutani, siku baada ya siku.

Kuhusu msimu, wengi huangalia joto la hewa pekee, ilhali joto la maji lina mwendo wake. Katika nchi za kaskazini zenye kiangazi na baridi kali, siku iliyo ndefu kuliko zote huangukia karibu na tarehe 21 Juni, lakini bahari hupata moto polepole na kuupoteza polepole, hivyo maji huwa na uvuguvugu mkubwa zaidi kuanzia Agosti hadi mapema Septemba; katika nchi za kusini hali hiyo hutokea Februari na Machi. Kwa mtu anayetaka kukaa majini badala ya kuchovya miguu na kukimbia, mwisho wa kiangazi ni bora kuliko mwanzo wake. Wanaokwenda pwani za Atlantiki zinazopigwa na tufani watahitaji kupima faida hiyo dhidi ya hatari, kwa sababu msimu wa tufani huko huanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba na hukolea mnamo Septemba. Sisi pwani yetu haina shida hiyo, nami nikasogeza tarehe zetu hadi mwishoni kabisa, karibu na kufunguliwa kwa shule.

Baada ya kuchagua mwezi wa kalenda, nilichagua juma kwa kutazama mwezi wa angani. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote za maandalizi, na ndipo nilipopata faida kubwa. Katika pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kwingine hupita takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, mvuto wake na wa jua huungana, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua, ambapo maji hupanda sana na kupwa mbali sana. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Hayo yamo katika kila jedwali la maji. Jambo ambalo wageni wa pwani hawalioni upesi ni kwamba, mahali pamoja, bamvua hujaa karibu saa zilezile mwaka mzima. Mji ambao bamvua lake hujaa adhuhuri utakuwa hivyo mwezi huu na mwezi ujao, na juma moja baada ya bamvua mpangilio huo hugeuka: maji hujaa alfajiri na magharibi, adhuhuri yakawa yamepwa.

Mji wetu ulikuwa wa namna hiyo hasa. Ufuko wake una mteremko mdogo, na maji yakipwa mtu hutembea kwa muda kabla hajafika mahali pa kuogelea. Tungekwenda juma la bamvua, bahari ingekuwa miguuni petu saa 6 mchana, wakati ambao nilitaka kila mtu awe kivulini. Nikachagua kufika mwezi ukiwa nusu na unaendelea kukua. Siku za mwanzo maji yalijaa karibu saa 12 asubuhi, kisha kuelekea saa 1, kisha saa 2 kasorobo, yakazidi kusogea taratibu hadi katikati ya asubuhi. Wanaoamka mapema na wanaopenda kulala wote walipata zamu yao ndani ya likizo ileile bila mtu kubishana na mwenziwe. Siku za mwisho, mwezi ulipokaribia kuwa mpevu, maji yalipwa jioni, yakaacha mchanga mpana, mgumu na wenye unyevu, wa kutembea kabla ya giza. Mtoto wetu mkubwa aliponiuliza, “Mama, kesho tunafanya nini?” nilimjibu, “Maji yanajaa saa mbili na robo,” na hakuhitaji maelezo mengine.

Mbinu hii haifai kila mahali. Katika sehemu kubwa ya Mediterania maji hupanda na kushuka kidogo mno hata mgeni asitambue, na ziko sehemu za Ghuba ya Meksiko ambazo maji hujaa mara moja tu kwa siku. Kwa upande mwingine, katika Ghuba ya Fundy nchini Kanada tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 16, na huko jedwali la maji huwa suala la uhai zaidi kuliko la starehe. Hata kwetu nilizingatia kanuni moja ya mabaharia: katika saa sita hivi za kujaa, maji hupanda kidogo mwanzoni na mwishoni, lakini saa mbili za katikati huleta nusu nzima ya kimo chote. Kwa hiyo tulipokwenda kwenye miamba kutafuta kaa na kombe, tulitoka maji yakiwa bado yanapwa, tukageuka kurudi kabla hayajaanza kujaa.

Nyumba niliitafuta kwa maswali ambayo mwenye nyumba aliyaona ya ajabu kidogo. Sikuuliza kama bahari inaonekana dirishani. Niliuliza ni dakika ngapi kwa miguu ukiwa na mtoto mdogo mkononi, kama kuna barabara kubwa ya kuvuka, jua la alasiri linapiga upande gani, madirisha yanafunguka pande mbili au upande mmoja, kuna bomba nje la kusuuza mchanga, na kama kuna chumba cha kulala cha chini ambacho mama mkwe wangu asingepanda ngazi kukifikia. Nyumba zilizo mstari wa mbele zilishindwa karibu maswali yote. Tuliyoipata ilikuwa mtaa wa nyuma, na usiku ilikuwa na ukimya ambao mstari wa mbele hauna. Gari tuliliegesha tulipofika, na halikuwashwa tena mpaka siku ya kuondoka.

Mpangilio wa siku ulitokana na jua na upepo. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wajikinge pindi kipimo cha miale ya urujuanimno ya jua (UV) kinapofika 3, na kikifika 8 kinga iongezwe na saa za katikati ya mchana ziepukwe. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri tulikuwa ndani au chini ya miti. Tulichokosa kwa kuondoka ufukweni ni kidogo, kwa sababu upepo wa bahari nao hufuata saa: nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa ya baharini huja kujaza nafasi. Upepo huo huanza asubuhi ikikaribia kuisha na huwa mkali alasiri. Asubuhi bahari imetulia na mwavuli unasimama ulipochomekwa. Alasiri miavuli inapeperuka na mchanga unaingia machoni. Upepo uleule unaofukuza watu ufukweni uliingia kwetu kwa madirisha ya upande mmoja ukatokea upande wa pili, na ulitufaa usingizi wa mchana kuliko feni yoyote.

Usalama niliumaliza jioni ya kwanza, kwa sababu sijui mtu mzima anayeweza kutulia huku akihesabu vichwa vya watoto majini. Tulizisoma bendera pamoja: katika nchi nyingi, bendera yenye nusu nyekundu juu na nusu ya njano chini huonyesha eneo linalolindwa na waokoaji, nyekundu moja hutangaza hatari, na nyekundu mbili hukataza kabisa kuingia majini. Kisha tukazungumzia mkondo unaorudisha baharini maji yaliyoletwa na mawimbi. Mkondo huo hupita kwenye ujia mwembamba, na mara nyingi huonekana kama ukanda usio na mawimbi yanayovunjika, kwa hiyo humvutia mgeni kwa utulivu wake wa uongo. Huvuta kuelekea mbali, hauvuti chini. Anayechukuliwa nao anazama kwa kuchoka akishindana nao. Watoto waliigiza mchangani namna ya kuelea, kuinua mkono kuomba msaada, na kuogelea sambamba na ufuko mpaka nje ya ujia ndipo waelekee nchi kavu. Hatimaye tukaandika zamu za watu wazima za kuangalia majini, na mwenye zamu hakuruhusiwa kushika kitabu wala simu. Hiyo ndiyo ratiba pekee iliyobandikwa mlangoni, na ndiyo iliyowapa wengine ruhusa ya kufumba macho kweli.

Mizigo ilikuwa michache, ila kuhusu krimu ya kukinga jua ninalo neno. Krimu yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza ngozi, lakini kwa sharti la kupakwa kwa wingi, kama mililita 30 kwa mwili wa mtu mzima, na kurudiwa kila baada ya saa mbili na baada ya kuoga baharini. Chupa ya mililita 200 basi ni mipako sita au saba tu, na familia inayorudi nyumbani na chupa yake moja ikiwa na nusu haikupaka ipasavyo. Niliona ni nafuu kununua fulana za kuogelea za mikono mirefu na kofia pana, krimu ikabaki kwa uso, mikono na miguu. Inafaa pia kuangalia sheria za uendako: Hawaii, kwa mfano, kuanzia mwaka 2021 imepiga marufuku uuzaji wa krimu zenye oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya kulinda matumbawe.

Muda uliobaki sikuupangia chochote, na hapo mama mkwe ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Yeye haogelei. Alikaa kivulini na mshono wake, akasema jambo moja kwa siku linatosha, na siku ambayo jambo hilo lilikuwa kwenda mnarani kuitazama taa ya kuongozea meli, hakukubali liongezwe la pili. Mvua iliponyesha tulicheza karata. Kazini nilikuwa nimeacha jina la mwenzangu wa kujibu maswali, na barua zangu sikuzifungua.

Tulirudi nyumbani tukiwa na siku nzima ya kufua na kulala kabla ya kazi. Mwenye nyumba alipouliza kama tuzishike tarehe zilezile mwaka ujao, ilinibidi nirudi kwenye jedwali, kwa kuwa miezi 12 ya mwandamo ni pungufu ya mwaka wa kalenda kwa siku 11 hivi, na tarehe ileile haileti maji yaleyale. Mwezi nusu unaokua utatangulia kwa siku hizo 11, wakati mume wangu bado hajapata ruhusa. Lakini mwezi nusu unaopungua, ambao huleta maji ya saa zilezile, utakuja takriban siku 4 baada ya tarehe yetu ya mwaka huu. Jioni zitakuwa za giza, bila mwezi, na watoto wameomba darubini. Tumeziandikisha tarehe hizo.