Siku moja maishani mwangu: cherehani ikiwa sebuleni

Saa 11 alfajiri naloweka vitambaa. Ndiyo kazi ya kwanza ya biashara yangu ya ushonaji, na hufanyika kwenye beseni lile lile linalofulia sare za watoto. Pamba ikipata maji hurudi, na gauni lililoshonwa kabla kitambaa hakijaloweshwa humbana mwenyewe mara tu likifuliwa. Kwa hiyo kitambaa chochote cha pamba huloweshwa kabla hakijaguswa na mkasi. Kikishazama majini hakinidai kitu kwa muda: naamsha watoto, nafagia, natafuta soksi ya pili, nasaini daftari la shule. Wakitoka, vitambaa viko kwenye kamba.

Wengi wetu tunaofanyia biashara nyumbani tumeshaambiwa tutenganishe kazi za nyumbani na kazi za biashara. Kwenye pesa nakubali kabisa. Kwenye kazi zenyewe sikubali. Nina daftari moja la kazi zote, kwa sababu siku nayo ni moja, na kila kinachoandikwa humo nakiuliza swali lile lile: hii inakatizika? Kuloweka kunakatizika. Kukunja nguo kunakatizika. Kukata kitambaa hakukatiziki, na kumpeleka mtoto kliniki vilevile. Zisizokatizika hupewa saa zake kwanza, ziwe za mteja au za mtoto. Nyingine hujipenyeza panapobaki nafasi.

Saa 2 asubuhi, nyumba ikiwa tupu, nakata. Natandaza kitambaa mezani na kukinyoosha mpaka nyuzi zake zilale sawa na ukingo wa meza, kwani kikikatwa mshazari bila kukusudia gauni litajisokota likivaliwa. Karatasi ya vipimo vya mteja imebanwa kwa pini kwenye kitambaa chake tangu siku alipokileta, na haibanduki mpaka nguo ikamilike. Kifua, kiuno, nyonga, urefu. Naongeza nafasi ya mshono, napitisha futi kamba mara ya pili, ndipo nachora kwa chaki. Simu iko chumbani, sauti imezimwa. Mshono uliopinda unafumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa kifupi hakirefuki, tena ni mali ya mtu.

Kuna njia ya Francesco Cirillo, Mwitaliano aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1980 kusoma kwa vipindi akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, kisha mapumziko mafupi. Kwenye kukata haiendani na mimi, maana huwezi kuiacha nguo nusu imechorwa kwa sababu kengele imelia. Kwenye kazi za kuchosha, kama kufumua au kutia vifungo, inanifaa sana.

Katikati ya asubuhi mlango hubishwa hodi. "Jirani, kwa kuwa upo nyumbani tu, naomba uniangalizie mtoto kidogo." Nampenda jirani huyu na najua kinachomsumbua. "Jirani, niko kazini mpaka saa 7. Ikifika saa 7 mlete, atacheza hapa mpaka urudi." Akaelewa, na sasa huja saa hiyo bila kuulizwa. Hilo neno "tu" limezimaliza asubuhi za mafundi wengi wazuri. Hakuna anayemwendea karani ofisini na mtoto mgongoni akamwambia upo hapa tu. Kumwambia mtu saa unayopatikana ni heshima kwake na kwa mteja anayekungoja.

Saa 5 nachukua simu na kujibu meseji zote kwa mkupuo mmoja. Nyingi ni swali moja: "Dada, gauni langu limefikia wapi?" Jibu liko daftarini, kwa kuwa kila oda ina tarehe tatu: ya kupokea kitambaa, ya kujaribu na ya kuchukua. Siku ya kuchukua huiweka siku mbili baada ya siku ninayotarajia kumaliza. Mtoto akiugua au umeme ukikatika, siku hizo mbili zinanibeba, na mteja hajui kama kulikuwa na tatizo. Miadi ya kliniki nayo imo kwenye daftari hilo hilo, kwa wino ule ule. Mteja akitaka siku iliyokwisha kuchukuliwa na kliniki, namwambia siku hiyo imejaa, na ni kweli imejaa.

Saa 7 nakula, jirani analeta mtoto. Nikimaliza nakaa kwenye cherehani, na hapo napanga kwa rangi ya uzi. Kubadilisha uzi na kujaza bobini upya kunakula muda kuliko watu wanavyodhani, hivyo cha bluu chote kinashonwa pamoja: sketi ya mteja, mkono wa shati la mteja mwingine, na kaptura ya mwanangu iliyochanika matakoni. Zamu ya kaptura ingesubiri muda wa ziada, isingefika kamwe. Ikifuata uzi, inashonwa leo. Sindano nayo inafuata kitambaa: namba 14 kwa pamba ya kawaida, namba 16 kwa jinzi. Ikianza kugonga au kuruka mishono naitupa bila kuionea huruma.

Watoto wakirudi, saa 10 hivi, kazi isiyokatizika inafungwa. Natia vifungo na kupiga pindo kwa mkono huku mkubwa akinisomea kitabu chake cha shule. Akikwama kwenye neno, sindano inatua bila hasara. Kupiga pasi kunaonekana kazi nyepesi ya kufanya wakati huo, lakini pasi ya moto na watoto wanaokimbizana havikai chumba kimoja, kwa hiyo pasi ni ya usiku.

Saa 11 jioni wanakuja wateja wa kujaribu. Kisha mapishi, kuoga, kulala.

Saa 3 usiku, nguo zikishapigwa pasi, nafungua daftari la pesa, na hili ndilo daftari pekee ninalolitenga. Malipo ya awali ya mteja ni ya uzi, zipu na bitana ya nguo yake; hayanunui kitu cha nyumbani hata siku nyumba inapobana. Nyumba inakula mshahara ninaojilipa kila mwisho wa wiki.

Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba washiriki wake walizikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizomaliza. Mwaka 2011 wanasaikolojia Masicampo na Baumeister wakaonyesha kwamba mtu akishaandaa mpango mahususi wa jambo alilolikatiza, linaacha kumwingilia mawazoni. Mimi huandika hatua inayofuata ya kazi niliyoiacha nusu, wala si jina la kazi. "Gauni la kijani" halinisaidii. "Gauni la kijani: mkono wa kushoto, anzia kwapani, uzi uko kwenye mashine" linanitosha kulala.

Saa 4 usiku meseji zinaendelea kuingia. Zitajibiwa kesho saa 5 asubuhi, na wateja wangu wa zamani wanalijua hilo.